Vimaboksi vya "Formatted" vimejaa pembeni, naviondoaje?

SWALI: Habari za kazi kaka. Naandika tasnifu yangu ya masters, sasa sura ya 3 imerudi toka kwa msimamizi, kasahihisha kwa Track Changes ya Word (ile inayoweka alama kila kinachobadilishwa), ila pembeni kulia kumejaa vimaboksi vimeandikwa "Formatted: Font: 12 pt" mara sijui "Formatted: Justified", ni vingi mpaka maoni yake yenyewe siyaoni vizuri. Nikaweka "No Markup" vikapotea nikajua yameisha, kumtumia mwenzangu faili akaniambia mbona mimi naviona vyote. Nikibonyeza "Accept All" naogopa nitakubali na masahihisho ambayo hata sijayasoma. Nisaidie. – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na afadhali hukubonyeza, maana hapo masahihisho yote ya mwalimu yangeingia kwenye maandishi na usingejua tena kabadilisha wapi.

Hiyo "No Markup" inaficha tu, mabadiliko bado yamo ndani ya faili. Kuyatoa kabisa lazima uyakubali au uyakatae, ila unaweza kufanya hivyo kwa ya formatting (mwonekano tu, kama fonti na mpangilio) peke yake. Kwanza tunza kopi ya faili. Halafu kwenye "Review" hakikisha iko "All Markup", fungua "Show Markup", toa tiki kwenye "Insertions and Deletions" na "Comments", bakisha "Formatting" tu. Sasa bonyeza kile kishale cha chini ya "Accept", chagua "Accept All Changes Shown", soma vizuri hilo neno "Shown" kwa sababu jirani yake kuna "Accept All Changes" ambayo inabeba kila kitu hata ulichokificha. Vimaboksi vitaondoka, mwonekano mpya utabaki. Kama hutaki hiyo fonti aliyoweka, yaani unataka ya zamani irudi, basi fanya hivyohivyo ila kwenye "Reject". Ukimaliza rudisha zile tiki, masahihisho ya mwalimu utayakuta kama alivyoyaacha.

Na visizaliwe vingine: hapohapo "Review" kwenye kona ya "Tracking" kuna kishale kidogo sana, watu wengi hawakioni, kibonyeze, ingia "Advanced Options", toa tiki kwenye "Track formatting". Hii ni kwa Word ya 2013 kuja juu, na haifuti vya zamani, inazuia vipya tu. Mimi naona kwenye tasnifu rekodi za boldi na nafasi ya mistari hazina kazi yoyote, zinamchosha msomaji bure, mkataba ndo huenda mtu akataka kujua nani kagusa nini.

Kabla hujamtumia mtu tena fungua "Reviewing Pane" (orodha ya mabadiliko, iko hapohapo "Review"), panua ile hesabu ya juu, "Formatting" ikisoma 0 tuma.