Mlangilangi uani: usiuache ukukimbie juu

Watu wananiuliza sana kuhusu magnolia, wameona picha za ile miti ya Ulaya inayojaa maua makubwa ya pinki wakati haina hata jani moja, wanataka wapande kwao hapa Tanga. Mi nawaambia tu, ile inataka baridi kali ipumzike kwanza ndo ichanue, na hapa hata usiku wa Julai joto linacheza kwenye nyuzi 20 hivi, hiyo baridi utaitoa wapi? Panda mlangilangi. Wataalamu wa mimea wanauweka kwenye oda moja na magnolia, yaani kundi kubwa la familia za mimea linaloitwa Magnoliales, na ni familia moja kabisa na mstafeli na mtopetope. Alafu kwa harufu jamani, langilangi ikiiva usiku mtaa mzima unajua.

Wa kwangu uko huku Sahare, nyuma ya nyumba, na ninachotaka kusisitiza kuliko vyote ni kwamba ukate kichwa mapema. Mlangilangi unakua haraka sana, ukiuachia unapita mita 10 unaenda mpaka 20, sasa maua yote yako juu huko hata ngazi haifiki, unabaki kuokota chini yaliyoanguka yameshakuwa meusi hayana harufu. Na usimpandishe mtoto akuchumie, matawi yake ni mepesi kukatika, yanakatika ghafla bila kulia kwanza. Wenzetu wa Komoro wanaolima langilangi kwa ajili ya mafuta ya manukato hawauachi urefuke, wanakata kilele ukiwa kama mita 2 na matawi wanayavutia chini, ndo maana miti ya mashambani kwao ni mifupi imepindapinda na mtu anachuma amesimama.

Nyumbani inafanyika hivyohivyo. Mi nakata Februari, masika ikikaribia, ili mvua za Machi zikianza machipukizi yapate nguvu. Tumia msumeno mkali sio panga, panga linachana gome, na ukate mshazari maji yasituame juu ya kidonda. Yakishatoka matawi mapya yafunge yakiwa bado laini, kamba ya katani hapa kwetu sio shida, ila pale inapogusa tawi weka kwanza kitambaa maana katani inakata gome, uvute chini kidogokidogo ufunge kwenye kigingi, baada ya wiki mbili tatu uvute tena, ukivuta yote siku moja umeshalivunja. Tawi likishalala ndo utaona maua yanavyoshuka kila kwenye kifundo.

Kupanda kwenyewe sio kazi. Chagua mche mdogo, sio ule mrefu uliokaa kwenye kiroba mpaka mizizi imetoboa, mti huu una mzizi mkuu unaoenda chini sana na ukishajikunja ndani ya kiroba mti haukai vizuri. Muulize muuzaji kama ni mti au ni ule unaotambaa, kuna mmea mwingine wa kutambaa wenye vikulabu na maua ya harufu nao unauzwa kwa jina hilohilo, na kuna langilangi fupi ya kichaka ambayo kwa uwanja mdogo inafaa kabisa. Shimo futi mbili kwa mbili, samadi ya ng'ombe iliyokaa, jua la kutosha, na mbali na ukuta na bati, mita 5 hivi. Juu tandaza makumbi ya nazi yatunze unyevu ila yasiguse shina, mchwa wanapenda hapo. Sie tulio karibu na bahari tuangalie maji ya kisima, yakiwa na chumvi ncha za majani zinaungua, bora ukinge ya mvua. Na kusi ikianza kuvuma mche uegemezwe.

Ukitunzwa, mwaka wa pili au wa tatu unaanza kutoa. Hapo watu wana haraka, wanachuma langilangi ikiwa kijani alafu wanalalamika haina harufu. Ua linafunguka likiwa kijani, linaning'inia na zile petali zake ndefu nyembamba zilizojikunja, linakaa hivyo wiki mbili tatu mpaka ligeuke njano. Lipindue uangalie ndani kwenye kitako, ukiona doa la wekundu wa damu ya mzee basi limeiva. Chuma alfajiri kabla jua halijapanda, ikifika saa nne asubuhi harufu nyingi imeshaondoka.

Ya kikuba na ya kutandaza kitandani chukua yaliyoiva siku hiyohiyo, hayalali. Yanayobaki mi natia kwenye mafuta ya nazi safi, nafunika, kesho yake nachuja natia mengine mapya, narudia mpaka mafuta yanuke ninavyotaka. Ila maua yasiwe na umande wala maji, yapanguse kwanza, maji yakiingia mafuta yanachacha.