Sedani kuukuu igeuke stesheni wagoni: maswali yenu

Mwezi huu wengi mmeuliza kuhusu kukata buti la sedani ya zamani na kulijengea mgongo wa stesheni, yaani paa linaloendelea hadi mlango wa nyuma. Nimechukua matano.

Fundi, babangu alituachia Peugeot 504 sedani. Imekaa chini ya mparachichi tangu alipofariki. Nataka kuifanya stesheni nibebe viazi vya soko. Inawezekana? (Msomaji, Dagoretti)

Pole kwa kuondokewa na mzee. Inawezekana, lakini jua kwamba Peugeot wenyewe hawakuongeza paa tu. Sedani ya 504 ina mita 2.74 kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Stesheni wakairefusha hadi mita 2.90, wakaibadilishia eksele ya nyuma na springi ili ihimili uzito. Ndiyo sababu stesheni zile zilipanda Nakuru na Kisumu zimejaa abiria, mizigo juu ya paa. Yako ukiijenga utapata nafasi, hutapata nguvu hiyo. Viazi vitailaza matako chini.

Na kama sakafu yake haijaliwa na kutu, nakuomba usiikate. 504 ndiyo iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, na nzima zinazidi kupungua. Tafuta sedani ambayo buti lake limeshaoza, hiyo ndiyo ya kukata.

Fundi wangu wa Kariobangi anasema atakata nyuma siku moja, kisha achomelee polepole. Nimruhusu? (Msomaji, Kayole)

Usimruhusu bado. Sedani nyingi hazina chesisi ya peke yake kama lori; bodi ndiyo chesisi. Lile bati lililo nyuma ya kiti, pamoja na lile la chini ya kioo cha nyuma mnapoweka spika, ndiyo yanayozuia upande wa kushoto na wa kulia visisokotane. Yaondoe, na gari linakuwa boksi la viatu lisilo na kifuniko. Lishike boksi hilo ncha mbili ulizungushe, utaona.

Nikiwa kijana, katika gereji niliyojifunzia kazi, tulikata bati hilo siku ya kwanza, gari limeinuliwa kwa jeki moja. Jioni tulipolishusha, mlango wa nyuma wa kushoto ulikataa kufunga. Pengo la juu lilipitisha kidole gumba. La chini lilikuwa limekwisha kabisa. Tulihangaika nalo wiki tatu, na mwenyewe hakupata tena gari lililonyooka. Bado naumia nikikumbuka uso wake.

Kwa hiyo, kabla ya grinda kuwashwa, gari likae kwenye stendi nne, sakafu iliyo sawa. Bomba za mraba zichomelewe nguzo hadi nguzo kwenye kila nafasi ya mlango, na nyingine mbili zipishane msalaba ndani. Chukua kamba, pima kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Andika vipimo kwa chaki ukutani na uvirudie kila jioni. Vikitofautiana, kazi isimame.

Ndipo akate. Nguvu iliyotoka lazima irudishwe: fremu ya bomba izunguke nafasi yote ya mlango wa nyuma na kushikana na nguzo na sakafu, tena boriti ipite chini pale palipokuwa na mgongo wa kiti. Paa liwekewe mbavu, la sivyo litalia kama debe. Kwenye paa nataka mashine ya MIG, inayochomelea kwa umeme, si gesi, maana gesi hupasha bati pana hadi likapinda. Achomelee nukta moja huku, nyingine kule, bati lipoe. Ukimwona anavuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, mshike mkono.

Nina Corolla DX sedani nzima, na nimeona DX stesheni iliyogongwa mbele. Nichukue nyuma yake? (Msomaji, Ruiru)

Ndugu yangu, geuza mawazo. Kama nguzo za mbele za stesheni hiyo hazijaguswa, chukua bonneti, madigadi, taa na rejeta za sedani yako uitengeneze stesheni. Vingi kati ya hivyo hufungwa kwa bolti. Hakikisha tu muuzaji ana logibuku yake.

Ukishindwa, chukua paa lote la stesheni hiyo, mlango wa nyuma na bawaba zake, raba, milango ya abiria wa nyuma, na vioo vyote. Kioo kilichopikwa kikawa kigumu hakikatwi tena. Ukikigusa kwa kikatio kinamwagika punje punje. Bati tutakunja kwa mafundi wa Kamukunji, kioo cha namna hiyo hatutakunja.

Itanigharimu chini ya Toyota Probox, stesheni ya kiwandani, iliyotumika? (Mama wa watoto watatu, Umoja)

Hapana, mama. Vioo, raba, rangi na siku za fundi vitakula pesa hizo. Kama haja yako ni nafasi tu, nunua Probox.

Stesheni yangu imekwisha, inapendeza, lakini watoto nyuma wanaumwa kichwa. Tena NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, watasemaje? (Msomaji, Kikuyu)

Usiwabebe tena hadi uzibe mianya ya mlango wa nyuma. Gari likikimbia, hewa nyuma ya mlango huo hunyonya moshi wa ekzosti uingie ndani, na moshi huo una kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Fungia noti ya shilingi 50 kwenye raba ya mlango, uivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo panapitisha. Rudia mzunguko mzima. Kisha refusha bomba la ekzosti lipite bampa. Angalia pia tangi: kwenye sedani kadhaa za zamani lilisimama nyuma ya kiti, na kama bado liko humo ndani na watoto, lihamishwe. Lisichomelewe wala lisikaribiwe na moto hata likiwa tupu, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka.

Kuhusu NTSA, logibuku yako bado inasema sedani. Omba mabadiliko ya umbo la bodi, peleka gari likaguliwe, na uwaarifu watu wa bima kwa maandishi. Picha ulizopiga za bomba na viungo kabla ya rangi, nenda nazo.