Kwa vijana mnaoanza kupima malori kwa laptopu

Vijana wengi wanaoingia gereji huku Mombasa, Changamwe na Miritini, siku hizi wanataka laptopu kwanza, spana baadaye, na siwalaumu, manake trela za sasa huwezi kuzifungua ovyo kabla hujaiuliza kompyuta ya injini. Lakini ile programu ya kupimia haikwambii nini kimeharibika. Inakwambia kompyuta imeona nini, na hapo katikati ndo pesa ya tajiri hupotelea.

Chukua hii: taa imewaka, umechomeka laptopu, inatokea SPN 100 (SPN ni namba ya kitu kinacholalamikiwa). Hiyo ni presha ya oili, kwa lori lolote linaloongea J1939, ile lugha ya pamoja ya kompyuta za malori. Wengi wanaishia hapo, mtu anatumwa dukani kununua sensa. Hebu soma namba ya pili, FMI, ndo inasema hitilafu ni ya aina gani. FMI 1 maana yake sensa inasoma vizuri ila presha yenyewe imeshuka vibaya, zima injini, angalia oili, waya achana nazo. FMI 4 ni volti za sensa ziko chini mno, oili yaweza kuwa safi kabisa, shida yako ni umeme. FMI 3 ni kinyume, volti zimepanda kupita kiasi.

Sasa ukipata 4 shika mita. Sensa ya presha kawaida ina waya tatu, mmoja unaleta volti 5 kutoka kwa kompyuta, mmoja athi, mmoja unarudisha habari. Chomoa plagi, washa swichi bila kupiga stata, pima ile 5. Isipokuwepo usikimbilie kuilaumu sensa ya oili, mara nyingi hiyo 5 inagawiwa sensa kadhaa na moja ikipiga shoti zote zinalala, ndo maana unaona kodi za hitilafu tatu nne zimeingia pamoja na tajiri anaambiwa anunue sensa zote (nimeona watu wakilipishwa hivyo, bei yenyewe usiulize). Wewe chomoa moja moja macho kwenye mita, ile ambayo ukiitoa 5 inarudi, ndo hiyo, au waya wake. Na mulika tochi kwenye pini kabla ya yote hayo, huku pwani chumvi haina adabu, utakuta kutu ya kijani na plagi kwa nje inang'aa.

Laptopu ikikataa kuongea na lori, toa betri, kwenye ile plagi ya duara ya pini 9 unayochomekea laptopu pima kati ya pini C na D. Ukipata kama omu 60 laini ya mawasiliano iko sawa, 120 ina maana kizuizi (rizista) kimoja cha mwisho wa laini hakishiki au waya umekatika. Na hivyo vifaa vya gari ndogo vya volti 12 usivichomeke kwenye lori la 24, vinaweza kuungua. Kuingiza programu mpya kwenye kompyuta ya injini ndo usijaribu kabisa bila chaja kwenye betri, umeme ukishuka katikati unaweza kuiua kompyuta nzima.

Kufuta kodi nako, dereva ana kontena la kupandisha Malaba, mpakani na Uganda, atakusukuma ufute taa aende. Hifadhi ripoti kwanza, iwe na kodi zilizolala pia (zilizowahi kutokea ila sasa haziko hai) na zimehesabiwa mara ngapi. Kodi iliyolala yenye hesabu kubwa mara nyingi ni waya unaoshika na kuachia, na huo huupati kwa kufuta. Fungua data inayotembea (namba za sensa zikibadilika hapo hapo kwenye skrini), injini ikiunguruma, halafu tikisa waya polepole kuanzia kwenye sensa ukirudi nyuma, presha ikiruka kwa skrini na mguu wa dereva uko mbali na mafuta, umeshika penyewe.