Betri zinakwisha siku ya pili

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimetengeneza kifaa cha kupima joto na unyevu ndani ya ghala letu la mahindi. Natumia ubao wa Arduino Uno na betri sita za AA. Kinapima na kuhifadhi kila baada ya dakika 10, lakini siku ya pili betri zimekwisha. Nasikia chipu za MSP430, zenye kumbukumbu ya aina ya FRAM, hazili umeme. Ni kweli? Na zipo nyingi, nichukue ipi? – Msomaji, Songea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo la maana. Unyevu ukipanda ghalani, sumukuvu haikungoji.

Usilaumu betri. Uno inakula karibu miliampea 45 hata ikiwa haina kazi, kwa kuwa regyuleta (kidhibiti volti), taa na chipu ya USB zinakesha nayo. Betri ya AA ina kama miliampea-saa 2,000, na sita zikifungwa mfululizo zinaongeza volti tu, si muda. Gawanya mwenyewe: saa 44.

Chukua MSP430FR5969 ya Texas Instruments. Inafanya kazi kuanzia volti 1.8 hadi 3.6, kwa hiyo betri mbili zinatosha bila regyuleta. Ikilala huku saa yake ikihesabu, inavuta chini ya mikroampea moja. Ukiipa sensa isiyo na tamaa, betri zitakufa kwa uzee kabla ya njaa.

Lakini kilichonihamisha mimi ni hiyo FRAM. Kumbukumbu ya kawaida ya fleshi lazima uifute kipande kizima kabla ya kuandika upya, kazi inayokula umeme, na katika MSP430 za zamani umehakikishiwa kufuta mara 10,000 tu. Kwa vipimo vyako 144 kwa siku, ukirudia palepale, ahadi hiyo inaisha siku ya 70. FRAM haifutwi: unaandika juu yake kama unavyoandika kwenye RAM, kumbukumbu ya muda, mara trilioni 1,000, na umeme ukikatika data inabaki. Basi kila kipimo kiandikwe papo hapo. FR5969 ina kilobaiti 64. Ukibakiza 40 kwa data, baiti 8 kila kipimo, unapata siku 35. Mimi ningepima kila saa, maana mahindi hayabadiliki kwa dakika 10, na nafasi hiyo ingefika miezi saba.

Ndugu zake wana vipaji vingine. FR6989 inaendesha skrini ya LCD, FR6047 inapima mtiririko wa maji kwa mawimbi ya sauti. Usivilipie, havina kazi ghalani.

Sasa yale yaliyonitesa. Jioni nzima niliona pini hazitii amri, kumbe sikufuta biti ya LOCKLPM5 baada ya kuzipanga. Bila hiyo pini hubaki zimefungwa. Halafu chipu ililala ikivuta mikroampea 80. Nilikuwa nimeacha pini nisizozitumia zikielea. Zipange zote ziwe za kutoa, kwenye sifuri. Na uwashe ulinzi wa kumbukumbu, kwa sababu programu yako nayo inakaa humo humo kwenye FRAM, na pointa (anwani ya kumbukumbu) iliyopotea njia inaweza kuiandika juu.

Kabla hujakipeleka ghalani, pitisha waya wa betri kwenye multimita, kifaa kikiwa kimelala. Ukisoma zaidi ya mikroampea 5, anza na sensa: ilishe kutoka kwenye pini, uizime kila ikimaliza kupima.