Maji yamegeuka kahawia, kwaiyo meno yangu yana sumu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Mbagala, nina miaka 31 na ujauzito wa miezi mitano. Magego mawili ya chini niliziba nikiwa sekondari kwa ile dawa ya silva, hayajawahi kunisumbua. Juzi walikuja watu mtaani kwetu kupima afya, wakaniweka miguu kwenye beseni la umeme maji yakawa kahawia, wakasema hiyo ni zebaki inatoka kwenye meno. Wana fundi wao wa kunitolea kwa elfu 60 alafu ninunue na dozi ya kusafisha damu. Kaka yangu aliyechimba Geita nae kanitisha sana kuhusu zebaki. Nikatoe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitoe, na hiyo elfu 60 kanunue maziwa na mboga za majani.

Tuanze na beseni maana hili limenichosha, wiki haipiti bila mtu kuja na hadithi yake. Mle ndani kuna vyuma vinavyopitisha umeme, na kabla hujaweka miguu wanatia chumvi. Chuma kikipitishiwa umeme kwenye maji ya chumvi kinaliwa, ule ukahawia ni kutu. Waambie waliwashe tupu bila miguu ya mtu, maji yatageuka vilevile na beseni halina jino hata moja.

Sasa sikudanganyi, zebaki kwenye meno yako ipo, karibu nusu ya uzito wa ile dawa, iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Inakuja kwenye kidonge, tunakitikisa kwa mashine sekunde chache inatoka laini kama donge la unga, nikiishindilia kwenye tundu inalia kwikwi chini ya kifaa. Inaanza kukaza dakika hizohizo, ila nguvu yake kamili mpaka kesho yake, ndo maana mnaambiwa msitafunie upande huo. Ikishakaza, zebaki imeshikana na yale madini mengine, siyo yale maji yanayokimbiakimbia tena. Mvuke unatoka, ndio, kidogo sana, hasa ukitafuna au kama unasaga meno usiku.

Na kaka yako kasema kweli ila hajamalizia. Kule machimboni wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, wanapata donge, alafu wanalichoma zebaki iruke ibaki dhahabu. Ule mvuke wa kuchoma ndo hatari, mapafu yanaunyonya sehemu kubwa. Haya, huyo fundi wa elfu 60 hana maji ya kupoza wala mashine ya kunyonya, anaingiza drili kavu kwenye gego lako, chuma kinapata moto, mvuke unapanda na wewe umeachama. Yaani anataka akufanyie mdomoni kile kaka yako alikuwa anafanya kwenye karai, tena una mtoto tumboni!

Hapa ndo watu wanasoma nusu. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, zilikubaliana 2022 kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15 wasizibwe kwa hii dawa isipokuwa daktari akiona ni lazima, na 2025 wakakubaliana iachwe ifikapo 2034. Sababu kubwa ni mazingira, mabaki yakienda kwenye mitaro na majalala yanaishia majini na kwenye samaki. Hayo yote ni kuhusu kuziba UPYA. Hakuna waliposema mwenye nayo mdomoni akachokonolewe, na Wamarekani walipotoa tahadhari yao 2020 waliandika wazi kwamba ambayo ni nzima isitolewe bila sababu ya kitabibu.

Kuna na jino lenyewe. Hii dawa haigandi kwa gundi, inashikiliwa na umbo la tundu, ndani ni papana, mdomo mwembamba, kama mtungi. Ukiitoa unaondoka na sehemu kidogo ya jino iliyo nzima, ukizidisha unafika kwenye neva. Kuna kijana wa Tandika alikuja shavu limevimba, katolewa na fundi wa kutembea akajazwa kitu cheupe sijui ni nini, gego ambalo lingekaa miaka mingine kumi nikaling'oa asubuhi ile.

Mimi natoa pale dawa imepasuka, au imeachia pembeni na ubovu umeingia chini yake. Weusi peke yake siyo ubovu, chuma huwa kinapaka jino rangi. Na nikitoa naweka mpira wa kuzuia vipande visiingie kooni, maji mengi, mashine inanyonya, nakata vipande badala ya kusaga. Wewe njoo nikuangalie tu, kuangaliwa hakudhuru mimba, na kama kuna jino jingine linaloanza kutoboka tutaziba kwa ile ya rangi ya jino.

Hawahawa wa beseni ndo ndugu zao wale wa funza wa meno. Jino halina funza, nimefungua maelfu sijaona, yule anayekuonyesha kwenye pamba kaja nae mfukoni. Wengine wanadondoshea maji ya betri, maumivu yanakata kweli mgonjwa anashukuru, kumbe neva imeungua imekufa, fizi nayo imebabuka, baada ya miezi usaha unatokea chini ya taya.