Barua kwa mwanangu: ile kompyuta ya laki tatu na ishirini

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako niliupata juzi usiku nikiwa nimeshapanda kitandani, nikaona nisijibu kwa kidole kimoja kwenye simu. Umeniuliza jambo la hela, na jambo la hela halijibiwi kwa "sawa" na kikatuni cha dole gumba. Leo asubuhi nimekaa mezani, chai pembeni, nikuandikie kwa kirefu.

Umesema umepata fremu pale Nyegezi karibu na chuo, unataka kufungua steshenari: kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia wanafunzi fomu za mkopo mtandaoni. Umeona kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 3020, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, hadidiski ya GB 500, Windows 10, na kioo cha inchi 19. Vyote 320,000. Muuzaji anasema ni "refabishi ya Uingereza, kama mpya". Mkononi una 500,000. Unauliza uichukue, au ukope uongezee ununue mpya ya kwenye boksi.

Usikope. Na hiyo usiichukue. Nunua iliyotumika, lakini si hiyo. Najua hukubali jambo kwa kuambiwa tu, hilo umelirithi kwangu, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Tuanze na hilo neno refabishi. Halina mwenyewe. Makampuni mengi ya Ulaya na Marekani hayanunui kompyuta za ofisini, yanazikodi kwa miaka mitatu au minne, na muda ukiisha zinarudishwa kwa maelfu. Yupo anayezipokea akazifungua, akafuta diski, akabadilisha kilichochoka, akazipima moja moja ndipo akauza. Yupo pia anayefungua kontena, akapuliza vumbi, akapitisha kitambaa chenye spiriti, akabandika stika. Wote wawili wanauza refabishi. Lisikupe moyo wala lisikutishe. Mashine ya ofisi yenyewe ni mashine nzuri. Ndizo zilizokulipia ada toka darasa la tano mpaka unavaa joho. Imeundwa kwa kazi ya kutwa, inafunguka kirahisi, spea zake zipo. Hiyo mpya unayotaka kuikopea, kwa bei ya chini kabisa dukani, inaweza kuwa na prosesa dhaifu kuliko ya ofisi iliyotumika miaka mitano. Bibi yako alikuwa akisema rahisi huvunja upishi, ingawa yeye mwenyewe alivaa mitumba maisha yake yote na hakuna aliyependeza kama yeye.

Tatizo la hiyo yako ni umri. Muuzaji akikwambia "i5" hajakwambia kitu, ni kama mtu akuambie ana Toyota. Namba inayofuata ndiyo yenye habari. Kwenye picha uliyonitumia nimevuta nikaona i5-4590. Hiyo 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2014. Ikiwa i5-8500, ni kizazi cha nane. Ikiwa i5-10400, ni cha kumi, hapo unasoma tarakimu mbili. Usije ukababaishwa na mtu anayekupandishia i7: ipo i7-2600 ya mwaka 2011, na ipo i3-8100 ya mwaka 2017, na kwa kazi yako mimi ningechukua hiyo i3 bila kuuliza mara mbili.

Kwa nini ninang'ang'ania kizazi cha nane? Kwa sababu ya Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka kama kawaida, hakuna siku itakayogoma, ila matundu ya usalama yakigundulika hayazibwi tena. Wametoa nyongeza kwa watakaojiandikisha, mpaka Oktoba 2026, lakini hiyo ni kama mwenye nyumba kukuongezea mwezi. Windows 11 nayo kwa upande wa Intel inakubaliwa rasmi kuanzia kizazi cha nane kwenda juu, na inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Muuzaji wako atasema, "Dada, hii tunakuwekea 11 hapa hapa." Ataiweka kweli, mafundi wanajua kuruka kizuizi. Lakini mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma Microsoft hawakuahidi kuendelea kuipa masasisho.

Ungekuwa unanunua ya kuangalia tamthilia nyumbani ningenyamaza. Wewe utafungua duka. Fikiria nani atakaa mbele yako: kijana anakupa namba ya NIDA, namba ya mtihani, cheti cha kuzaliwa, nywila ya barua pepe yake, na wengine watakwambia "we andika tu dada, hiyo hiyo ya siku zote". Na flashi! Mwanangu, steshenari ni hospitali ya flashi. Kila anayeingia kachomoa flashi yake kwenye kompyuta tatu kabla ya kufika kwako. Nilipokuwa na duka hapa Morogoro tuliteswa na kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha vijia vya mkato. Msichana mmoja wa chuo alilia mezani kwangu akidhani ripoti yake ya utafiti imepotea, kumbe ilikuwa imefichwa tu, na iliyomwambukiza ilikuwa mashine yangu. Sikumtoza hela ya kuchapa siku hiyo, lakini hakurudi, wala wenzake.

Kaka yako atakwambia weka Linux, ni bure na virusi hivyo haviigusi. Ni kweli, na nyumbani ningemuunga mkono. Dukani mteja analeta faili la Word lililopangwa kurasa, ukilifungua kwa LibreOffice, ile programu ya bure ya kuandikia, jedwali linahama, picha ya barua ya maombi inaruka ukurasa wa pili, na nyuma yake wamesimama wanane. Utaeleza mpaka lini kwamba kosa si lako?

Sasa hesabu. Nimemuuliza fundi wetu wa hapa bei zake, za Mwanza zinaweza kupishana kidogo. Hiyo hadidiski ya 500 ni ya kuzunguka, na ndiyo inayofanya mtu aseme kompyuta nzee ni nzito. Ukiitoa ukaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, mashine ile ile inawaka kabla hujamaliza kufungua pazia. SSD ya GB 240, 60,000. RAM 4 haitoshi siku hizi, kivinjari peke yake kinaimaliza; kuongeza 4 nyingine, 25,000. Kompyuta hizi za ofisi nyingi hazina Wi-Fi ndani, huko zilikotoka zilichomekwa waya ukutani. Kichomeo cha Wi-Fi, 20,000. UPS ya kawaida, lile boksi la betri la kukushikilia umeme ukikatika, 150,000. Jumlisha na 320,000: 575,000. Umeshapita hela yako, na bado una mashine ya kizazi cha nne.

UPS usiikwepe. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika kurasa arobaini za mtu zinakwenda nao, au diski inakatwa katikati ya kuandika. UPS ndogo haikupi saa nzima, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Ila sikia hili, maana najua shangazi yako anakupa ile printa yake ya leza: usiichomeke kwenye matundu ya betri ya UPS. Leza inapopasha moto karatasi inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS itapiga kelele na kujizima na kompyuta yako juu. Printa ichomeke ukutani, iwe na kinga yake.

Umeme wa matumizi usikutie hofu. Boksi na kioo kwa pamoja ukikadiria wati 80, saa kumi kwa siku ni uniti 0.8. Kwa siku 26 za kazi, uniti 21 hivi. Feni ya fremu na balbu ziweke kwenye hesabu yake nyingine.

Labda umejiuliza kwa nini sikwambii ununue laptopu, ambayo ina betri yake. Kwa duka sipendi. Kibodi ya mezani ikimwagikiwa chai unanunua nyingine mtaa wa pili. Ya laptopu unaanza kutafuta inayofanana, na duka linasubiri. Isitoshe laptopu inaondoka kwapani mwa mteja, boksi la mezani haliondoki hivyo.

Basi tafuta hivi: boksi peke yake, bila kioo, kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256. Kwa Dell uliza OptiPlex 3060 au 5060. Kwa HP, ProDesk 600 G4 au EliteDesk 800 G4. Fundi anasema ya i3 inapatikana kwa 350,000 ukikaa nao vizuri. Ongeza UPS, ni 500,000 kamili. Kioo tunacho.

Sasa jinsi ya kuinunua. Unalikumbuka lile boksi jeupe pale uani, lililokuwa likiwekewa mtungi wa maji juu yake? Ile ndiyo kompyuta yangu ya kwanza. Mwaka 2003, Pentium III, imetumika, imetoka Marekani. Niliilipia kwa hela ya upatu niliyoingoja mzunguko mzima. Nikaifikisha dukani, nikachomeka, nikabonyeza. Puu! Moshi, harufu ya plastiki, wewe ukaanza kulia. Nyuma yake kulikuwa na kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115. Umeme wa Marekani majumbani ni volti 120 hivi, wetu ni 230. Muuzaji hakukisogeza, mimi sikujua hata kama kipo. Fundi akabadilisha pawasaplai, ikawa kazi bure, bodi nayo ilikuwa imekwenda. Nilivyorudi na malalamiko yangu, yule bwana akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, ilipotoka hapa ilikuwa nzima." Ningemjibu nini? Sikuwa nimeiona ikiwaka. Nilikuwa nawahi basi.

Za siku hizi hujirekebisha zenyewe, kiswichi huenda usikikute. Muuzaji ni yule yule.

Kwa hiyo nenda asubuhi, siku ambayo huna safari. Iwashwe mbele yako, na isiwe tayari ina moto ulipofika. Kama ni Dell, nembo ikitokea bonyeza F2 uingie kwenye mipangilio yake. Ikikuomba nywila, shukuru uende zako. Mashine iliyofungwa na mwenye mali wa kwanza ni ya kwake. Ikifunguka, soma mwenyewe namba ya prosesa na kiasi cha RAM, uangalie na tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka, kale kabetri ka bodi, CR2032, kamekufa. Ni rahisi kubadilisha, lakini usikaache, maana tarehe ikiwa mbovu tovuti nyingi zinakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama, na utamlaumu mtu wa intaneti bure. Zima, washa tena, safari hii bonyeza F12, humo mna kipimo chake chenyewe cha afya, kiache kimalize. Kuna pia stika yenye Service Tag, namba ya mashine yenyewe: iandike kwenye tovuti ya Dell kwa simu yako, itakuonyesha mashine ilitoka kiwandani lini. Hapo ndipo utajua "kama mpya" ya huyo bwana ina miaka mingapi.

Nenda na flashi yako, ijaribu kila tundu la USB, ya mbele hasa, ndiyo yanayochoka. Mwombe fundi wao afungue CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski, usome saa diski ilizofanya kazi. Mwaka mmoja bila kuzima una saa 8,760. Ukikuta 30,000, fanya hesabu mwenyewe. Weka video ndefu icheze nusu saa huku mnapiga soga. Feni ikianza kuvuma kama ndege inayoruka, ndani kumejaa vumbi au grisi ya prosesa imekauka. Hilo linatengenezeka, ila litengenezwe kabla hujalipa.

Na risiti. Ya EFD, iandikwe namba ya mashine, na chini yake waandike kwa mkono siku za kurudisha, angalau 14. Akisema "tunaaminiana, dada", mwambie mama yangu haniamini mimi, sembuse wewe.

Kioo chetu cha inchi 19 kiko chini ya kitanda cha kaka yako, nimekiwasha jana, kizima. Kina tundu la VGA peke yake, na hizo za kizazi cha nane nyingi zinatoa DisplayPort au HDMI, kwa hiyo utahitaji kigeuzi. Angalia matundu ya boksi utakalochagua unipigie picha ya nyuma, ninunue kinachofanana hapa nikifunge pamoja na kioo. Kichomeo cha Wi-Fi nitakuwekea humo humo. Kioo nitakizungushia kanga zangu mbili za zamani na lile blanketi la bluu, kipande basi la Jumatano. Mwambie kondakta asikilaze.

Mama yako