Kuta za Carcassonne zilimlinda nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama kuta za miji ya kale ziliwahi kweli kuwalinda waliokaa ndani yake. Mimi nawapeleka Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, kilimani juu ya mto Aude. Kuta mbili, moja ndani ya nyingine, minara 52. Ukiutazama utaapa hakuna adui aliyewahi kutia mguu.

Mwaka 1209 mji huo ulishindwa na kiu. Papa Innocent III alitangaza vita vya msalaba dhidi ya Wakathari, Wakristo waliohesabiwa wazushi, na mwezi Julai jeshi la msalaba likawachinja watu wa mji jirani wa Béziers. Waliosikia habari hizo wakakimbilia Carcassonne, wakajazana. Agosti mosi mji ukazingirwa, njia ya mtoni ikakatwa, maji ya visima yakaisha katikati ya joto la kiangazi. Mtawala wao, Raymond Roger Trencavel, kijana wa miaka 24, akatoka kwenda kujadiliana, akakamatwa. Tarehe 15 wenyeji wakaachiwa roho zao: walitoka na mashati mwilini, basi. Simon de Montfort, kabaila wa jeshi hilo la msalaba, akapewa mji, na Trencavel akafia kifungoni Novemba.

Tena kuta tunazozipiga picha leo, kwa sehemu kubwa, si zile zilizowaangusha watu wa 1209. Sogea karibu uone: huku mawe madogo ya Kirumi yaliyokatizwa na mistari ya matofali mekundu, kule kwenye Lango la Narbonne, la zama za mfalme Philippe III, mawe makubwa yaliyotuna. Hayo makubwa ni kazi ya wafalme wa Ufaransa, waliouchukua mji mwaka 1226, na walikuwa wakiwaogopa hao hao wenyeji. Hawakukosea: mwaka 1240 mwana wa Trencavel alirudi, watu wa vitongoji vya chini ya ukuta wakamuunga mkono, wakachimba mahandaki kuuangusha. Waliposhindwa, vitongoji vyao vikabomolewa, na ilikuwa 1247 ndipo Louis IX alipowaruhusu kujenga upya, bondeni ng'ambo ya mto. Mji huo wa bondeni ndio aliouchoma Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, mwaka 1355. Ngome ya juu aliipita tu.

Mkataba wa 1659 na Hispania ukausogeza mpaka kusini, ngome ikakosa kazi. Mafukara, wengi wao wafumaji, wakajenga vibanda katikati ya kuta mbili, wakiegemeza mapaa yao kwenye mawe ya mfalme. Kwa maoni yangu hapo ndipo ukuta ulipowafaa wananchi. Karne ya 19 serikali ikataka kuubomoa, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, mwanahistoria wa hapo mjini, na mwandishi Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kihistoria, wakapinga, na mwaka 1853 msanifu Viollet-le-Duc akaanza kuukarabati, akaivika minara mapaa yenye ncha ya mtindo wa kaskazini mwa Ufaransa, ambayo wengine hawajamsamehe hadi leo. Ili kuta zionekane vizuri, vibanda vikavunjwa na wenyewe wakahamishwa.